Mume wangu ameliamkia gogo

Jamani, leo mume wangu ameliamkia gogo. Shikamoo kabisa!

Mnajua najifunza kuchonga sura za mizimu ya msituni, zile za wazee wenye ndevu ndefu. Leo nimemaliza ya kwanza.

Ndevu zilinishinda. Nilipeleka patasi kinyume cha nyuzi za mti, zote zikabanduka. Fundi Osea anayenifundisha akacheka mpaka akakaa chini.

"Dada, huyu ndevu amekataa. Mfunge kilemba tu."

Nikamchonga kilemba. Nikambeba hadi nyumbani hapa Tunduma, nikamweka kwenye kiti sebuleni.

Mume wangu akaingia. Ghafla akarudi nyuma, akachuchumaa mlangoni, macho chini.

"Shikamoo mama. Karibuni, hatukuwa na habari."

Ndipo nikamtazama mzimu wangu vizuri. Mashavu yale, kilemba kile, mdomo ule wa kutoridhika... Mama yangu wa Isansa mwenyewe!

Na kwetu mwanaume hali chakula mbele ya mama mkwe. Nikamwambia, baba, ni mti huu, gonga usikie. Akasema anajua ni mti, ila ugali hautapita.

Amekula nje, katikati ya kuku.

Nikampigia mama. Alicheka huyo! Halafu akauliza, "Alichuchumaa vizuri?"

"Vizuri sana, mama."

"Basi huyo mzimu mwache hapo hapo kitini. Jumamosi nakuja, tutakaa wawili."

Sasa mume ananibembeleza nimbandike mzimu ndevu kabla ya Jumamosi.

Mnasemaje, nibandike?