Shimo la Maji Kibanjani

Kazi yangu mjini Bukoba ni kuyatafutia maji ya mvua mahali pa kutulia. Wengine huyajengea mifereji ya saruji na kumsukumia jirani wa chini balaa lote. Mimi huchimba mashimo mapana yasiyo na kina kirefu, nikapanda majani yenye mizizi mirefu. Maji husimama kidogo, kisha ardhi inayanywa. Nimeshachimba mawili Kahororo, na najivunia kuliko inavyostahili.

Ndiyo maana mwenyekiti wa kijiji chetu, huko Muleba, aliponipigia simu nilijua anataka nini. Watu wa juu ya kilima walikuwa wameezeka mabati na kusakafia nyua zao, na kila masika maji yao yalishukia nyumba za bondeni. Mjane mmoja alikuwa ameshapoteza ukuta wa jiko.

"Injinia, waitu, ndugu yetu, tuokoe," mwenyekiti alisema, bila kutaja mahali. Alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba maji yale yana mahali pamoja tu pa kutulia: kona ya chini ya kibanja chetu, kwenye migomba, tulipomzika binti yetu.

Alikuwa na miaka minne. Kwetu marehemu hulala kibanjani, karibu na watu wake, na mke wangu alikataa kuhamia mjini nami kwa sababu hiyo. Hakuwa tayari kumwacha mtoto peke yake.

Nilipima mteremko nikitafuta njia nyingine, nikapima tena. Nilikasirikia kilima, nikawakasirikia wenye sakafu zao, nikamkasirikia hata yule mjane kwa kujenga pale. Njia haikuwepo. Mwishowe nilichora shimo lililopinda, likapita upande wa juu wa kaburi, na tuta nene la udongo kati ya shimo na kaburi ili maji yasipite juu ya mtoto. Nikamwonyesha mke wangu kwa kamba na vigingi. Aliuliza tu kama kuna mgomba utakaokatwa. Nikamwambia miwili. Akasema nichimbe.

Kijiji kizima kilichimba kwa zamu, na wanawake wakatupikia ebitooke, ndizi zetu za kupika, pale pale shambani. Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha mchana. Maji yalishuka mekundu, yakajaa shimoni, yakasimama. Tuta halikutikisika. Bondeni hakuna aliyetoa ndoo ya matope nyumbani kwake. Mvua ilipokatika watu walikuja kutazama, na maji yakawa yanapungua machoni petu mpaka yakabaki majani yaliyolala. Mwenyekiti alinipigapiga begani. Yule mjane alinishika mikono yote miwili. Nilifurahi, sikatai.

Mke wangu alikuwa amesimama ng'ambo ya tuta, karibu na kaburi, kitenge kimelowa mabegani.

"Yamekwenda wapi?" akaniuliza.

"Chini," nikamjibu. "Ardhini."

Alitazama miguuni pake.

"Kwa mwanangu," akasema.

Swali lile huulizwa kila ninapochimba, nami nina maelezo marefu ya udongo na mizizi. Siku ile nililitazama tuta. Nilikuwa nimeyazuia maji yasipite juu ya mtoto wangu, kumbe kazi yote ya lile shimo ni kuyapeleka chini, alipo. Nikaanza kulia mbele ya watu.

Mjane alidhani ni furaha. Akanishukuru tena.