Laini ya Dada Yangu Haikuwa Tupu

Kijana aliyemnyang'anya dada yangu simu kule Kamere alimwachia laini. Dada alimwomba: chukua simu, nirudishie laini tu. Naye kijana akafungua mgongo wa simu, akaichokoa laini kwa ukucha, akamtupia miguuni, kisha akaenda zake. Nimesema mara nyingi kwamba mwizi yule alimtendea dada yangu utu kuliko kampuni ya simu, na watu hucheka wakidhani natania. Sitanii hata kidogo.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2008, wakati wa fujo za baada ya uchaguzi. Dada yangu mkubwa na mumewe walikuwa wakiishi Kamere na kufanya kazi katika shamba la maua kando ya Ziwa Naivasha, dada akifunga maua kwenye maboksi, mumewe akiendesha trekta. Asili yetu ni magharibi. Baba aliletwa Nakuru na kazi ya reli, tukazaliwa hapa, tukasoma hapa, na hadi mwaka ule sikuwahi kuulizwa kwa ukali kwetu ni wapi. Asubuhi watu wa asili yetu walipotakiwa kuhama, kulikuwa na lori moja la kuelekea magharibi na watu walioling'ang'ania kila upande. Mume alipanda na watoto wao wawili. Dada alikuwa amekimbilia chumbani kuchukua nguo za watoto, na aliporudi lori lilikuwa limeshaondoka, kwa maana dereva naye alikuwa anaogopa kufa. Njiani kuelekea kituo cha polisi ndipo alipokutana na yule kijana wa simu.

Alinifikia nyumbani kwangu Rhonda, mtaa wa Nakuru, akiwa kwenye msafara uliosindikizwa na askari, amevaa viatu visivyofanana, laini amefunga kwenye fundo la leso. Hakutaka maji wala chakula. Alitaka simu.

Nilikuwa na simu ndogo ile tunayoiita mulika mwizi, yenye tochi kichwani. Tukaitia laini yake. Mtandao ulishika. Tukafungua mahali pa majina: hakuna jina hata moja. Tukazima, tukawasha, tukaipangusa laini kwa kitambaa. Hakuna. Namba ya mumewe aliijua kwa kichwa, lakini kila alipoipiga aliambiwa mteja hapatikani. Namba aliyoihitaji ilikuwa ya shemeji yake, kaka wa mumewe, kule nyumbani ambako lori lile lingewapeleka watoto kama lingefika. Hiyo hakuijua kwa kichwa. Mimi sikuwa nayo. Wazazi wetu walikuwa wamekufa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kuuliza.

"Nilikuwa nayo," aliniambia. "Niliiandika mwenyewe. Niliandika zote mwenyewe."

Nilimwamini. Simu aliyoporwa ilikuwa ya hali ya juu, zawadi ya msimamizi mmoja wa shambani aliyerudi kwao Ulaya, na miezi michache kabla ya fujo dada alikuwa amebadilishiwa laini mjini Nakuru, akaambiwa hiyo mpya ni ya kisasa zaidi. Nilikuwa mwalimu wa elektroniki katika chuo cha ufundi pale mjini. Nikaanza kushuku jambo, lakini nilifikiri wenye kampuni watalijua vizuri kuliko mimi. Barabara zilipotulia kidogo nikampeleka dukani kwao.

Foleni ilikuwa ndefu hadi nje. Wengi walikuwa wametoka kwenye hema za wakimbizi katika uwanja wa maonyesho, na shida zao zilikuwa kama zetu: simu zimeungua, zimeporwa, zimeanguka watu wakikimbia. Tulipofika kwenye kaunta, kijana aliyevaa tai alichukua kitambulisho cha dada yangu, akalisoma jina lake la mwisho kwa sauti, kisha akaliuliza tena, kana kwamba hakusikia alichosoma yeye mwenyewe. Watu wawili watatu waligeuka kututazama. Kwa wakati ule, jina la mtu, linalofichua kabila lake, kusomwa hivyo mbele ya umati halikuwa jambo dogo. Dada akainamisha kichwa, na hapo ndipo hasira ilipoanza kunipanda.

Kijana akatia laini kwenye simu yake ya kujaribia, ndogo kama yangu tu. Akabonyeza.

"Hii haina kitu, mama. Labda ulifuta bila kujua."

Dada akasema hakufuta. Kijana akasema wengi husema hivyo. Atampa laini nyingine yenye namba ileile, ile ya zamani inakatwa, mambo yanaisha. Akavuta mkasi.

Nikamwomba asubiri, nikamweleza kwa upole nilioweza. Nilimwambia kwamba laini hizi mpya zina programu zaidi ya moja ndani yake, na kila moja ina mahali pake pa kuwekea majina. Simu ndogo inaijua ile ya zamani tu, ndiyo inayofungua. Simu ya kisasa inafungua ile nyingine. Kwa hivyo majina yaliyoandikwa kwa simu kubwa huenda yamo, ila simu ndogo haiyaoni. Nikamwonyesha simu kubwa iliyokuwa kwenye kabati la vioo nyuma yake, nikamwomba aitie laini humo kwa dakika moja tu.

"Hiyo ni ya kuonyesha wateja," akasema. "Na laini ni laini, madam. Haina ghorofa."

Watu walicheka. Sikumlaumu aliyecheka, maana siku zile kila mtu alitafuta cha kucheka. Lakini kijana naye akacheka, huku laini ya dada yangu iko kwenye vidole vyake na mkasi uko wazi, nami nikaifunika mikono yake kwa kiganja changu. Akaita msimamizi. Msimamizi alikuja, mtu mzima mwenye sauti ya kanisani, akanisikiliza nusu, akasema laini ni mali ya kampuni na kama hatutaki huduma tuwapishe wengine. Nilimwambia mimi ni mwalimu wa fani hiyo. Akaniuliza kama mume wangu anajua niko pale nikiwafanyia watu fujo. Sikuwa na mume, na hata kama ningekuwa naye, sijui angeingiaje kwenye laini ya simu. Nilichukua laini juu ya kaunta, nikamshika dada mkono, tukatoka kabla bawabu hajatufikia.

Chuo kilikuwa kimefungwa, wanafunzi wameenda makwao. Mlinzi wa lango alinijua, na mkuu wa chuo, nilipompigia, alisema nichukue funguo za maabara bila kuuliza mengi. Tulikuwa na kifaa cha kusoma kadi, kisanduku kidogo kinachounganishwa na kompyuta, tulichopewa na mradi fulani na ambacho wanafunzi walikuwa wanakiogopa. Nikampangusia dada kiti, akakaa.

Nataka nieleze nilichofanya, kwa sababu si uchawi, na kwa sababu mpaka leo kinanikera kwamba ni kitu rahisi hivi. Ndani ya laini kuna faili fupi inayotaja programu zilizomo. Hazitambuliwi kwa majina, zinatambuliwa kwa namba ndefu ya herufi na tarakimu, na kila programu duniani ina yake. Simu ikitaka programu, huiita kwa namba hiyo. Ikiitwa sawasawa, laini hujibu na kuifungua. Isipoitwa, inakaa kimya, hata iwe imejaa. Simu ndogo za zamani hazisomi faili ile kamwe. Zinakwenda moja kwa moja kwenye sehemu ya zamani na kukuambia ni tupu, nazo hazidanganyi, maana sehemu ile kweli ni tupu.

Niliisoma faili. Namba ilikuwepo, ile inayoanza kwa A na sifuri nyingi. Nikaiandika kwenye amri ya kuchagua, nikakosea, nikaiandika upya. Laini ikajibu kwamba imekubali. Ikadai namba ya siri, dada akaitaja kwa sauti ndogo. Kisha mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mistari ya tarakimu tu, isiyosomeka. Dada alinitazama usoni kutafuta habari.

Nilibadilisha mstari wa kwanza kuwa herufi. Lilikuwa jina la mwalimu wa darasa la mtoto wake mkubwa. Uliofuata ulikuwa wa fundi wa nguo wa Kamere. Wa tatu ulikuwa jina langu, nami nikalazimika kusimama na kwenda dirishani kwa muda. Niliporudi, dada alikuwa ameshika kalamu na anasubiri. Shemeji yake alikuwa karibu na mwisho. Alikuwa amemwandika "Shem nyumbani".

Tulipiga kutoka palepale maabara. Simu ililia sana kabla ya kupokelewa. Shemeji aliposikia sauti ya dada alilia kama mtoto, maana walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba amekufa. Watoto walikuwa hapo. Lori lilifika. Mume naye alifika, simu yake ilidondoka njiani, akawaweka watoto mikononi mwa kaka yake na kesho yake akageuka kurudi Naivasha kumtafuta mkewe. Alikuwa akizunguka hema baada ya hema akitaja jina lake, wakati dada amekaa Rhonda akitazama simu ya tochi. Siku chache baadaye alipiga kwa kaka yake kwa simu ya kuazima, akaambiwa mke yuko Nakuru. Alikuja kwangu mlangoni amekonda, amenyolewa, dada hakumjua mara moja. Wakaenda magharibi pamoja. Kamere hawakurudi tena kuishi, na dada hadi leo huziandika namba zake kwa kalamu ndani ya kabati la vyombo.

Mimi sikuweza kuliacha hapo. Nilirudi dukani, nikamtafuta yule msimamizi, nikamwambia nilichokipata, kwa utaratibu, bila matusi. Nilimwomba jambo moja: wasikate laini za watu kabla ya kuzijaribu kwenye simu ya kisasa. Nilidhani atashtuka. Nilikuwa nimejiandaa hata kumsamehe.

"Hilo tunalijua, madam," akasema. "Tuliandikiwa kutoka Nairobi. Lakini tukianza kumweleza kila mtu mambo hayo, hii foleni itaisha lini?"

Nilimtazama. Alikuwa anasema kweli na hakuona haya. Walijua. Siku ile nilipofunika mkasi kwa mkono wangu, walijua. Wakati kijana wa tai alipowachekesha watu kwa habari ya ghorofa, yeye huenda hakujua, kwa sababu hakuna aliyejisumbua kumwambia. Lakini mkubwa wake, aliyeniuliza habari za mume, alijua. Na nyuma yangu foleni ilikuwa ileile, watu waliobakiwa na kipande cha plastiki tu mkononi kati ya vyote walivyokuwa navyo, wanasogea mmoja mmoja kuelekea mkasi. Niligeuka nikawaambia kwa sauti wasikubali laini zao zikatwe. Bawabu akanitoa nje. Hakunigusa kwa ukali. Mlangoni aliniuliza kwa kunong'ona kama na laini ya mkewe naweza kuitazama.

Mkuu wa chuo aliniruhusu kukichukua kisanduku na kompyuta moja, nikaweka meza katika uwanja wa maonyesho, karibu na hema la kugawia unga, ambako kulikuwa na umeme wa jenereta. Sitaki nijisifu. Laini nyingi nilizozisoma zilikuwa tupu kweli, kila sehemu, na ilinibidi kumwambia mtu hivyo machoni. Chache zilikuwa na majina, na ninazikumbuka zote.

Kulikuwa na mzee aliyesimama kando ya meza yangu tangu asubuhi, akinisikiliza nikiwaeleza wengine, bila kuingia foleni. Alikuwa mtu wa Longonot, alikuwa na kioski karibu na stesheni. Foleni ilipopungua nikamkaribisha. Hakuwa na laini ya zamani. Walimkatia dukani wiki iliyotangulia, wakampa mpya, nayo aliishika bado ikiwa kwenye kadi yake kubwa. Alikuwa anamtafuta binti yake aliyekuwa ameolewa upande wa Molo. Simu aliyoporwa alikuwa amenunuliwa na binti huyohuyo, na ndiye aliyemwandikia majina.

Nilimuuliza ilikuwa simu ya namna gani. Akanieleza: kubwa, ya rangi, yenye kamera.

"Kwa hivyo yalikuwa humo," akasema. "Wakati wanakata."

Ningeweza kumwambia sijui, na kwa hakika kamili sikujua. Lakini alikuwa ameniuliza kama mtu mzima, na siku zile nilikuwa nimechoka kuona watu wazima wakidanganywa ili foleni iishe. Nikamwambia ndiyo, mzee, nadhani yalikuwa humo.

Akatikisa kichwa, akaiweka laini mpya mfukoni mwa koti, akauliza kama magari ya kwenda Molo yameanza kupita. Nikamwambia yanapita asubuhi, yakisindikizwa. Alishukuru, akaondoka. Nilibaki nimeshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, nikiwa na hasira ambayo sikuwa na wa kumpelekea, hadi mwanamke aliyefuata aliponisalimu na kuniwekea laini yake mbele yangu.