Anayeonja Kwanza

Mimi ni mwongoza watalii. Siku moja, tuliposhuka mlimani, nilimpeleka mgeni wangu Mmarekani kwa shangazi yangu, Old Moshi. Akakaa akiilaani serikali ya kwao: viongozi wote waongo, hamwamini hata yule aliyempigia kura. Nimezoea, wengi huja na malalamiko hayo hayo.

Shangazi alichota mbege, pombe yetu ya ndizi, akapiga funda, ndipo akampa. Mgeni akashangaa. Nikamweleza kwamba kwetu mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone haina sumu.

Akacheka. “Wanaotutungia sheria hawaonji kamwe.”

Nilipomtafsiria, shangazi hakucheka.

“Mwambie hata wa kwetu hawaonji.”

Hilo sikulitafsiri.