Kuni za Wageni

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Itumba, nilipewa buti zilizonibana, panga na nyundo. Ninyi mnaoajiriwa leo huenda hamjaishika nyundo ile. Upande mmoja ulichongwa alama ya serikali, na gogo lisilogongwa alama hiyo lilihesabiwa la wizi. Nilidhani Bwana Misitu wa Wilaya angeanza kunifundisha kugonga. Yeye, mzee mfupi aliyevaa kaptula hata kwenye baridi ya Ileje, alinipeleka ukingoni mwa msitu akanionyesha wanawake wakitoka na mizigo ya kuni kichwani.

"Unaona nini, bwana mdogo?"

"Wezi, mzee," nikajibu, nikitaka kuonekana mkali.

"Pumbavu! Hao ndio askari wangu. Jumanne na Jumamosi wanaingia bila panga, wanaokota zilizoanguka zenyewe. Ngoja moto uje, utaona nani anafika kwanza."

Niliona. Kila kiangazi moto wa mashambani ulipanda mlima, na wanawake wale walitutangulia wakiwa na matawi mabichi ya kuupigia. Sisi tulikuwa na barabara ya moto, yaani mkanda uliofyekwa ili moto ukose cha kula, lakini upepo wa Septemba huruka mkanda huo bila shida. Wao walilinda msitu kwa sababu ulikuwa jiko lao.

Baadaye nilihamishiwa Tunduma, kwenye kizuizi, kukagua hati za kusafirishia mbao na mkaa kabla malori hayajavuka kwenda Zambia. Mkuu wa Kizuizi alikuwa mtu wa kelele, ila hakunionea. Vumbi na honi vilinichosha. Kwa hiyo nilipoambiwa narudi Ileje kuhudumia kambi ya wageni ndani ya msitu ule ule, nilifurahi kama mjinga.

Ulikuwa wakati wa biashara huria, na hata miti ilitakiwa ilete wateja. Meneja wa Kambi aliletwa kutoka mbali, akiwa na viatu vya ngozi ambavyo havikuwahi kuona tope. Kambi yenyewe, nisiseme uongo, ilipendeza: viwanja sita vya mahema chini ya miti mikubwa, bomba la maji ya kijito, na kila kiwanja na duara lake la mawe la kuotea moto. Walikuja wanafunzi, vijana wa kwaya, na Wazungu waliopitia Tunduma na magari yenye mahema juu ya paa. Mimi nilishika kanuni moja. Mgeni akiondoka, mwaga maji kwenye majivu, koroga, kisha ingiza mkono. Ukiungua, mwaga tena.

Mwaka wa pili wageni wakalalamika kwamba kuni kavu ziko mbali na mahema. Meneja akafuta siku za kuni.

"Kuanzia leo kuni za msitu huu ni za wageni," alisema.

"Na mama zetu watapikia nini, bosi?"

"Hiyo haikuhusu. Wewe kamata."

Watu walikuwa wakipika maharage kwa kuni zile, na sasa zichomwe ili watu waimbe na kupiga picha! Nilikasirika. Halafu nikasema ndiyo, bosi. Hasira yangu ya leo inaanzia kwenye ile ndiyo.

Jumamosi moja ya Septemba, wageni wa kiwanja cha tatu walikuwa wanafungasha. Nilikuwa nimeshachota ndoo ya maji Meneja aliponipigia kelele: "Achana na majivu! Nenda njia ya juu, wanawake wameingia!"

Nikaiweka ndoo chini, nikaenda.

Waliteremka kwa mstari, na aliyetangulia alikuwa mama mkwe wangu. Kwetu mkwe humpisha mama mkwe njia, wala hasemi naye ana kwa ana. Nikajikuta nimesimama majanini, nimewapa mgongo watu niliotumwa kuwakamata.

Alisimama. "Tueni," aliwaambia wenzake. Kuni zikaanguka. "Mwambieni mkwe wangu kuni za wageni hizi hapa. Azibebe yeye."

Nilipogeuka nikaona moshi upande wa kambi. Upepo ulikuwa umechukua makaa ya kiwanja cha tatu. Nikasahau heshima zote, nikampigia kelele mama mkwe wangu usoni: "Mama, tusaidieni!"

Alijifunika kitenge. "Mwambieni awaite wenye kuni," akasema, wakaenda zao. Siwalaumu, hata kidogo.

Msitu uliungua siku tatu, na mlimani hakupanda mtu hata mmoja. Siku ya nne Meneja alikuwa na ripoti mkononi: chanzo cha moto, waokota kuni. Ilihitaji shahidi.

"Saini, au katafute kazi nyingine."

Nilikuwa na watoto wanne. Nikasaini. Mama mkwe wangu na wenzake wawili walilazwa mahabusu wiki nzima, na mke wangu alipita mbele yangu kila siku na sufuria ya chakula cha mama yake bila kunisalimu. Waliachiwa, lakini jina la mchoma msitu mama yule alikwenda nalo kaburini. Meneja alipandishwa cheo.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikwenda kwa Mhifadhi mpya, kijana msomi mwenye adabu zake, nikamwomba arudishe siku za kuni.

"Shikamoo, mzee wangu. Ningependa sana," alisema akifungua jalada. "Lakini hawa ndio walioteketeza msitu. Shahidi aliona kwa macho yake."

Akanigeuzia karatasi. Alikuwa hajasoma jina la shahidi. Nilimwekea kidole juu yake, naye akainamisha kichwa asinitazame.

Basi naandika haya, na nakala yake naomba iwekwe kwenye jalada lile. Moto ulitoka kiwanja cha tatu, kwenye majivu ambayo ilikuwa kazi yangu kuyazima. Wanawake wale hawakuwasha hata kijiti. Nilijua hivyo kalamu ikiwa mkononi mwangu.