Maua Yaliyoshiba Mbolea

Nilipoolewa karibu na Kaplong, miaka ya tisini ikianza, nilikuja na gunia la mizizi kutoka kwa mama yangu. Yalikuwa maua ya buluu ya shina refu, yale yasiyokufa, yanayorudi mwaka baada ya mwaka. Niliyapanda mstari mzima kando ya njia ya kuingia bomani.

Miaka mitatu hayakutoa hata ua moja. Lakini majani, lo! Mapana, ya kijani kibichi, yanang'aa. Mama mkwe alikuwa akipita na panga lake akicheka.

"Hii majani yako hata ng'ombe haiwezi kula. Mwaka huu ikikosa maua, mvua ikirudi napanda nyasi ya nepia hapo."

Hakuwa akitania. Na mimi ni mbishi, nikaongeza mbolea. Kila tulipoletewa mbolea ya shamba letu la chai, nilichota bakuli mbili nikayatupia maua yangu, samadi juu yake. Nilijua mmea ukisumbua, una njaa.

Siku moja nikichuma chai nilifika pembe ya mwisho ya shamba, ambako kwa uvivu wetu mbolea haikuwa ikifika. Michai ya pale ilikuwa imejaa maua meupe. Niliona aibu, maana kwetu chai ikitoa maua, jirani anajua umeitelekeza. Niliinama niyang'oe haraka, kisha nikasimama wima.

"Mjinga wewe!" nilijiambia kwa sauti. Chai tunailisha ili itoe majani tu. Na maua yangu nilikuwa nimeyalisha vivyo hivyo.

Nikaacha. Sikutia mbolea wala samadi, sikuyapunguza hata yalipobanana. Majani yalipauka, na mama mkwe akaanza kuulizia miche ya nepia kwa majirani.

Kiangazi kilipoingia, shina la kwanza likachomoza. Kufikia Krismasi ilikuwa buluu tupu kutoka barabarani hadi mlangoni. Nilipita njia ile kichwa juu, na sioni haya kusema.

Akina mama wa kanisa walipokuja kwa maombi, mmoja aliuliza nani aliyapanda. Mama mkwe, ambaye tangu niolewe aliniita "bibi ya kijana yangu", alijibu kabla sijafungua mdomo.

"Tulipanda na huyu msichana yangu. Siri ni kukosa kuweka mbolea."

Hiyo "tulipanda" nilimsamehe papo hapo. "Msichana yangu" niliingia nayo jikoni, nikawachemshia chai huku machozi yakinitoka.