Daftari la Wodi ya Wanaume

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Zouhoura, muuguzi wa wodi, ni kwamba adhana ilipolia na watu wakatafuta maji ya udhu, yeye alitafuta kalamu. Alisimama mlangoni mwa wodi ya wanaume, akawatazama wagonjwa wakisali vitandani, akaandika. Nilidhani ni utovu wa adabu. Ilikuwa mapema mwaka huu wa 1985, katika hospitali moja mjini Mutsamudu. Nilikuwa nimemaliza masomo, nikaenda kumwangalia mjomba wangu Assoumani aliyepasuliwa ngiri.

Baadaye muuguzi huyo alinieleza. Sindano mpya ya kutuliza maumivu ilikuwa imeidhinishwa, na ofisi ya dawa ya serikali, katika mji mkuu Moroni, ilitaka kuacha kabisa kuagiza ile ya zamani. Ili kuzilinganisha, daktari alipita kila kitanda akiuliza, "Unaumwa?"

"Alhamdulillahi," mjomba alijibu, jasho likimtiririka.

Daktari akaandika: hana maumivu.

"Nani hapa atalalamika mbele ya wenzake?" Bi Zouhoura aliniambia. "Lakini sala inaonyesha. Anayeumwa sana atasali amelala. Akipata nafuu, atakaa. Akitulia kweli, atasimama na kurukuu."

Kwa miezi minne aliandika herufi moja kwa kila mgonjwa, kila sala: L, K au R. Aliyechoma sindano alikuwa mwenzake Fakri. Bi Zouhoura hakutaka kujua nani kachomwa ipi mpaka mwisho, asije akaipendelea moja.

Mwishoni, alipolinganisha daftari na orodha ya Fakri, ilionekana kwamba waliopasuliwa kidogo, kama mjomba, walinufaika na sindano mpya: hawakutapika wala kusinzia kama waliochomwa ya zamani, na walisali wakisimama na kurukuu mpaka isha. Waliopasuliwa tumbo zima wakachomwa hiyo mpya walibaki wamelala, kana kwamba hawakuchomwa kitu. Hao ni ile ya zamani iliyowainua. Kuiacha kungekuwa kuwatesa.

Alipokwenda Moroni na daftari lake, nilifuatana naye, kwa kuwa shangazi yangu anakaa Vouvouni. Tuliposhuka kwenye boti, kwenye kizuizi cha barabara iendayo mjini, askari mzungu, mmoja wa wale mamluki wanaomlinda rais, alilifungua. Aliona herufi na nyakati tupu. Akauliza kwa Kifaransa ni siri za nani.

"Za wagonjwa wa ngiri," Bi Zouhoura alijibu, akamweleza habari za zile sindano mbili.

Askari Mngazija aliyekuwa naye aliangua kicheko. "Mama, wanaume wote hawa, umekwenda kupeleleza waliochanwa kinena?"

Mzungu hakucheka. Alilifunga daftari akalitia kwapani, nami nikaona miezi minne inapotea. Kisha akauliza ni sindano ipi inafaa kwa jeraha la bega.

"Kubwa au dogo?"

"Kubwa."

"Ya zamani."

Akamrudishia.

Bwana Inzoudine, mkuu wa ofisi ya dawa, alisoma kila ukurasa. "Kwa nini hukuwauliza tu?"

"Waulize wewe, bwana, uone watakavyokujibu."

Alitabasamu, akasimamisha agizo la mwaka mpaka madaktari wakutane Alhamisi, na akamtaka Bi Zouhoura aje mwenyewe awaeleze. Hajawahi kuzungumza mbele ya madaktari. Tangu asubuhi, hapa kwa shangazi, anajaribu sentensi zake za Kifaransa huku akimenya ndizi, nasi tunamkatiza kwa maswali magumu kadiri tuwezavyo. Leo ni Jumanne. Anasema siku mbili za kungoja ni nyingi mno; angetaka kwenda leo hii.