Mtoto wa mbwa niliyemuokota Tarime alivyotaka kumponza mbwa wetu mzee

Wakuu, habari za humu ndani. Najua kuna watu wataandika "chai" kabla hawajafika katikati. Ruksa. Mimi naandika kilichotokea nyumbani kwetu Kisaka, Serengeti.

Tuna mbwa mzee anaitwa Komando. Ana mvi mdomoni, jicho moja halioni vizuri, ila zizi lote la ng'ombe linamtegemea yeye. Fisi wa huku wanamfahamu.

Mzee wangu hajawahi kumpapasa hata siku moja. Kwetu mwanaume mtu mzima kuchezea mbwa mbele za watu ni kujishushia heshima. Lakini siku Komando hajala, mzee naye ugali haumpiti kooni.

Sasa mzee akanituma Tarime kununua bomba jipya la kupulizia ng'ombe dawa ya kupe.

Nyuma ya soko nikasikia kiroba kinalia. Nikafungua. Watoto wa mbwa, wote wamekufa kasoro mmoja.

Nilikasirika sana wakuu. Mtu unaamka asubuhi, unafunga viumbe hai kwenye kiroba, halafu unaenda kunywa supu? Nikamtia huyo aliyebaki ndani ya jaketi, nikapanda gari.

Mzee alimwangalia, akaniangalia mimi. "Mura, nimekutuma bomba, umeniletea mdomo wa kulisha."

Akatoa sharti: Komando akimkataa, dogo anaondoka.

Na Komando alimkataa kweli. Meno nje, mgongo umesimama. Ikabidi dogo alale jikoni, nawalisha mbali mbali, kila mlo nasogeza mabakuli karibu kidogo. (Nyie mnaowaweka pamoja ghafla mbwa wasiojuana mkisema "watazoeana tu", acheni hiyo tabia.)

Taratibu Komando akaacha kunguruma. Halafu akaanza kumlamba. Akawa anamlamba masikio, mgongo, kila mahali, mpaka dogo analowa. Nikajua hapa nimeshinda.

Siku moja natoka shamba mchana, nasikia mama anapiga kelele.

Dogo yuko chini uani, anatetemeka mwili mzima, mate yanamtoka mdomoni kama povu. Komando naye anayumba, mate yananing'inia.

Wakuu, nikamvuta mama nyuma. Kila mtu huku anajua mbwa anayetoa mate ni nini. Na chanjo ilipopita kijijini, Komando alikuwa machungani na ng'ombe. Hakuchanjwa.

Majirani wakaanza kujaa. Mbele yao Marwa, jirani yetu wa karibu, na panga mkononi.

Sikuweza hata kumchukia. Mtoto wa dada yake alikufa kwa kichaa cha mbwa, na sisi ndio tuliochimba kaburi.

"Mzee, shikamoo," akamwambia baba. "Sitaki ugomvi na mji huu. Ila watoto wangu wanapita hapa. Hawa mbwa wote wawili, leo leo."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa zizi. Akajibu "marahaba", basi. Hakumtetea Komando hata kwa neno moja. Iliniuma, nilidhani ameshakubali.

Nikampigia afisa mifugo wetu, nikaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Nikamweleza yote.

Akauliza, "Leo mmeogesha ng'ombe?"

"Ndiyo, mzee amewapulizia asubuhi."

"Na mbwa?"

"Hapana bwana, nani apulizie mbwa?"

Mzee akakohoa.

"Huyo mdogo," akasema huku anaangalia chini, "masikio yalikuwa yamejaa kupe. Nikampulizia. Dawa hiyo hiyo ya ng'ombe."

Kuna mtu nyuma alicheka. Mtu mzima, mwenye mji wake, anaogesha mbwa kama ndama! Kumbe ndiyo maana alinyamaza muda wote ule, aliona aibu kusema. Na Komando alikuwa ameilamba dawa yote mgongoni kwa mwenzake.

Marwa hakucheka. "Na kama ni kichaa kweli?"

Afisa akawa mkweli: kwa simu hawezi kuapa. Watoto wakae mbali, mbwa wafungwe, waoshwe kwa sabuni na maji mengi, anayeosha afunike mikono na akae mbali na meno. Yeye anawasha pikipiki.

Sasa nani aguse yale mate? Nikapiga hatua. Mzee akanisukuma pembeni.

"Niliyempulizia ni mimi."

Akafunga mifuko ya nailoni mpaka kwenye viwiko, nikawafunga mbwa kamba, akapiga magoti mbele ya watu wote. Akaanza na dogo. Maji, sabuni, maji tena. Akamfuata Komando, akamsugua polepole huku anamnong'oneza Kikurya. Mimi nilikuwa naangalia panga la Marwa tu, halikushuka hata kidogo.

Afisa alifika, akawapima, akawachoma sindano. Akasema kwa harufu ya dawa iliyobaki manyoyani na jinsi walivyoanza pamoja ghafla, ni sumu ya dawa, ila wabaki wamefungwa awafuatilie. Hapo ndipo Marwa alipoweka panga chini, akaenda kutuongezea maji.

Dogo alinyanyua kichwa jioni hiyo hiyo. Komando alitusumbua, uzee nao. Kesho yake ndiyo akanywa uji, na mzee hakutoka pale alipolala mpaka alipomaliza bakuli.

Wote wazima, wote wamechanjwa. Marwa alileta na mbwa wa kwake wachanjwe.

Nilichojifunza: dawa ya ng'ombe ni ya ng'ombe. Chanjo ikipita, mtafute mbwa hata akiwa machungani. Na mnyama akiugua, semeni mlichompa, aibu mtaionea baadaye.

Wenye uzoefu shukeni hapa: mtoto wa mbwa anatolewa kupe kwa dawa gani salama? Swali ni la mzee. Amenikataza kusema ni yeye anayeuliza.